Aliyeshindwa Arudi kwa Wanachama

Uwe barazani hapa Paje, uwe ufukweni Jambiani unaanika mwani, au umo garini unarejea kutoka mjini, nakuomba unisikilize kidogo.

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 umeshapita. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilimtangaza Dk. Hussein Ali Mwinyi wa CCM kuwa mshindi wa urais kwa karibu asilimia 75 ya kura, na Othman Masoud Othman, mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, akawa wa pili kwa asilimia 23. Chama chake kiliyakataa matokeo hayo. Tangu hapo, barazani limerudi suali ambalo huzuka kila baada ya miaka mitano: kiongozi wa chama akishashindwa, si aachie ngazi? Na wenye kuuliza si mahasimu wa upinzani peke yao. Wamo vijana wanaoupenda upinzani kwa dhati, waliochoka kuona sura zile zile.

Jibu langu nalitoa mapema. Kushindwa peke yake si sababu ya kumtoa mtu. Lakini aliyeshindwa hana haki ya kubaki kitini mpaka arudi kwa wanachama, awape hesabu ya kilichotokea, na apigiwe kura upya.

Huwezi kulizungumza jambo hili Zanzibar ukampita marehemu Maalim Seif Sharif Hamad. Aligombea urais wa visiwa hivi mara sita. Mwaka 1995 Tume ilisema amepata asilimia 49.8 na Dk. Salmin Amour 50.2. Mwaka 2000 akatangazwa kushindwa na Amani Abeid Karume, na mwaka 2005 akashindwa tena na huyo huyo. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alimpita kwa asilimia moja tu. Mwaka 2015 uchaguzi wenyewe ulifutwa na mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, siku tatu baada ya watu kupiga kura, na uliporudiwa Machi 2016 chama chake kikasusia. Mwaka 2020 akatangaziwa asilimia 19 na pointi. Kwa kanuni ya "ukishindwa ondoka", Maalim angeondoka mwaka 1995, akiwa na miaka 52.

Sasa niambie, nani angekwenda Ikulu Novemba 2009 kukaa na Rais Karume na kuyajenga maridhiano? Watu waliozika ndugu zao waliouawa katika maandamano ya Januari 2001 wangemsikiliza nani akiwaambia wampe mkono jirani wa CCM? Maalim alisikilizwa kwa sababu alishindwa pamoja nao, mara baada ya mara, na hakuwakimbia. Julai 31, 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na asilimia 66 wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Aliyejiuzulu miaka kumi na tano nyuma asingeweza kuwafikisha wafuasi wake pale.

Wala si yeye wa mwanzo. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31, na serikali ikaundwa na vyama vya ZNP na ZPPP kama ilivyokuwa baada ya uchaguzi wa Juni 1961. Mzee Abeid Amani Karume hakuachia uongozi wa chama. Angeachia kwa kosa gani, wakati wengi wa wapiga kura walikuwa naye?

Hapo ndipo ninapoachana na vijana wa barazani. Wao hunitajia Uingereza, na ni kweli: Ed Miliband alishindwa Mei 7, 2015, kesho yake akajiuzulu uongozi wa chama cha Labour, na hakuna aliyeshangaa. Lakini kule mshindi na mshindwa huikubali hesabu ya kura. Kwetu hesabu yenyewe ndiyo ugomvi. Ukiweka sharti kwamba kila anayetangazwa kushindwa lazima ajiuzulu, umempa mwenye kutangaza matokeo uwezo wa kuwaondoa viongozi wa vyama ambavyo yeye si mwanachama. Tume itangaze rais, halafu kwa tangazo hilo hilo iamue nani asiongoze upinzani? Hilo siliungi mkono, na wala asiliunge mkono mwana-CCM mwenye kuitakia nchi hii heri.

Lakini hoja hiyo hiyo, msikilizaji, imegeuzwa pazia. Kiongozi akiulizwa kwa nini chama kimeshindwa, jibu huwa moja: tumeibiwa. Pengine ni kweli. Mimi naishi Kusini Unguja, na mkoa wetu umekuwa ngome ya CCM tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992. Hakuna atakayenishawishi kwamba kila kura ya Paje, Makunduchi na Kizimkazi iliibwa. Watu wa huku wana sababu zao. Wana mwani ambao bei yake hawaipangi wao, wana ardhi ya pwani iliyokwenda kwa mahoteli, wana watoto wanaotaka kazi katika mahoteli hayo. Je, chama kilikaa na watu hawa mara ngapi nje ya msimu wa kampeni? Tawi lina ofisi, au lina bendera tu iliyochanika? Mawakala walipewa mafunzo? Nakala za fomu za matokeo za kila kituo ziko wapi, na nani anazitunza? Masuali haya hayajibiwi kwa neno "tumeibiwa", hata kama wizi ulikuwepo.

Akina mama wa mwani wana vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Kila wanapokutana, hisa za kila mmoja hugongwa muhuri kwenye kijitabu chake mbele ya wote. Mzunguko ukimalizika, pesa humwagwa mkekani, zikahesabiwa, zikagaiwa, na kabla mzunguko mpya haujaanza viongozi huchaguliwa upya. Hata mwaka ambao maji yamepata joto na mwani ukaoza, mwenyekiti husimama mbele ya wenziwe. Hawamwambii aondoke kwa sababu ya bahari, na hawamwachii aendelee kwa sababu ya bahari. Wanampigia kura. Sijaona kwa nini chama kinachotaka kuongoza nchi kishindwe kufanya hivyo.

Kujiuzulu kiholela nako kuna balaa lake, na sisi tumelionja. Agosti 2015, uchaguzi ukiwa unabisha hodi, Profesa Ibrahim Lipumba, aliyekwisha kugombea urais wa Muungano mara nne, alitangaza kuuacha uenyekiti wa CUF, chama cha Maalim Seif wakati huo. Mwaka uliofuata akasema anarudi. Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua, upande wa Maalim ukakataa, na mgogoro ukahamia mahakamani. Machi 18, 2019 Mahakama Kuu ikampa haki Profesa, na siku hiyo hiyo Maalim akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Matawi ya CUF yakapakwa rangi mpya, moja baada ya jingine, Unguja na Pemba. Chama kilichochukua viti vyote 21 vya Pemba mwaka 1995 kikabaki jina. Kushindwa uchaguzi hakukukiua. Kilichokiua ni kiti ambacho wanachama hawakukubaliana kama kimeachwa au hakijaachwa.

Wapo wanaoogopa kuondoka kwa kudhani kuondoka ni kuzikwa. Wamkumbuke Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu. Miaka ya 1970 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani, baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Yeye hakumgusa mtu. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Tanzania. Uganda nako, Dk. Kizza Besigye aliuacha uongozi wa chama cha FDC mwaka 2012 kabla muda wake haujamalizika, na mwaka 2016 chama kikamsimamisha tena kugombea urais.

Kwetu Zanzibar kuna jambo jingine linalofanya kura ya wanachama iwe ya lazima zaidi kuliko huko London. Katiba yetu, baada ya mabadiliko ya mwaka 2010, inakipa chama cha pili, kikifikisha asilimia 10 ya kura za urais, nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Mimi naiunga mkono nafasi hiyo kwa moyo wote, maana imetuepusha na mengi. Lakini maana yake ni kwamba aliyeshindwa anaweza kupata ofisi, gari na ulinzi. Nani basi atamuuliza kwa nini ameshindwa, kama si waliompeleka? Chama kisipoweka siku ya kuulizana, kushindwa kunaweza kuzoeleka kama kazi.

Na tusiambiwe kwamba vyama vya Tanzania haviwezi. ACT-Wazalendo wana ukomo wa muda wa uongozi katika katiba yao, na Machi 2024 Zitto Kabwe alimkabidhi Dorothy Semu nafasi ya kiongozi wa chama. Januari 2025 wajumbe wa Chadema walimpa Tundu Lissu kura 513 na Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti tangu mwaka 2004, kura 482. Tofauti ya kura 31. Mbowe aliyakubali matokeo.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wajumbe wa mikutano mikuu ya vyama vyote, na CCM wamo, katika majimbo wanakoshindwa. Andikeni katika katiba zenu kwamba ndani ya miezi sita baada ya matokeo kutangazwa, kiongozi wa chama kilichoshindwa ataleta taarifa ya maandishi, itasomwa, itaulizwa, kisha atapigiwa kura ya siri ya kubaki au kuondoka. Na wewe mjumbe unayetoka Paje, siku ukipewa nauli ya kwenda mkutanoni, usipige makofi mpaka umeuliza chama kimefanya nini Paje tangu uchaguzi ulipokwisha.