Tafuta Msimamizi Kabla ya Mradi

Kila mwaka vijana wanatoka vyuoni na shahada ya uhandisi ujenzi, na swali linalowasumbua ni moja: nianzie wapi kazi? Wengi huutazama ukubwa wa mradi, iwe reli ya kisasa, bwawa la umeme au daraja refu. Wengine hutazama mshahara. Maoni yangu ni kwamba mhitimu aanze kwa kuuliza nani atamsimamia, na mtu huyo anaonekana saiti mara ngapi kwa wiki. Hapa Tanzania utaratibu wenyewe unaelekeza huko. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humsajili kijana kwanza kama mhandisi mhitimu, na ili apande kuwa mhandisi mtaalamu lazima awe na uzoefu wa vitendo usiopungua miaka mitatu, chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Miaka hiyo mitatu inaweza kumjenga mtu, na inaweza pia kuishia kwenye kunakili ripoti na kuhesabu mifuko ya saruji.

Tuchukue kazi ya kila siku, kumwaga zege. Ili kupima ulaini wake, zege hujazwa ndani ya koni ya chuma yenye kimo cha sentimita 30, kwa tabaka tatu, na kila tabaka hushindiliwa mara 25. Koni ikiinuliwa, mhandisi anapima zege limeshuka kiasi gani. Likiwa gumu, fundi ataomba aongeze ndoo ya maji ili limwagike kwa urahisi, na ndoo hiyo inapunguza nguvu ya nguzo. Vipande vya sampuli huvunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28. Majibu ya mwisho yanapofika, huenda ghorofa ya juu imekwisha kumwagwa. Kosa la saa moja linagundulika baada ya wiki nne, na kulirekebisha kwa kuvunja zege ni hasara ambayo hakuna mkandarasi anayeitaka. Kwa hiyo anayeweza kulizuia ni yule aliyesimama pale siku ile, akiwa na ujuzi na ubavu wa kusema hapana. Ubavu huo kijana anaupata kwa kumwona mkubwa wake akikataa, akieleza sababu, kisha akitia saini kwamba amekataa.

Wapo watakaosema siku hizi programu za kompyuta zinafanya hesabu zote. Ni kweli zinafanya, tena haraka. Lakini programu huamini nguvu ya zege uliyoiandika. Haina habari na ndoo ya fundi. Pingamizi zito zaidi ni la ajira: kijana anayezunguka na bahasha mwaka mzima atachaguaje msimamizi? Hoja hii siipuuzi. Mwenye nafasi moja mkononi aichukue, ale. Hata hivyo, kabla ya kusaini mkataba anaweza kuuliza nani atathibitisha kumbukumbu zake za kazi, na akikosa jibu, ajue kwamba hapo ni pa kupitia tu. Kampuni ndogo inayojenga kalvati na mitaro ya barabara za wilaya, ikiwa na mhandisi anayefika kila asubuhi, inaweza kumfaa kuliko mradi mkubwa ambako anamwona bosi kwenye picha za ufunguzi.

Mzigo huu usiachiwe vijana peke yao. Machi 2013 jengo la ghorofa liliporomoka Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo. Nchi iliyozika watu hivyo haina sababu ya kuona usimamizi wa wahitimu kama hisani ya mwajiri. Serikali, ambayo ndiyo mteja mkubwa wa ujenzi, iweke kwenye zabuni zake sharti la idadi ya wahitimu watakaofundishwa na jina la mhandisi atakayewafundisha, na malipo ya mkandarasi yaguswe pale sharti hilo linapovunjwa.