Kompyuta za Bure: Nani Anakubaliwa?

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme juu ya habari hii ambayo vijana wanaileta mikutanoni, ati kampuni kubwa za Marekani zinagawa kompyuta bure. Ni kweli, zinagawa. Lakini tuulize kwanza zinampa nani.

Tuseme kikundi cha maziwa kimemwambia kijana wake aliyesoma kompyuta atengeneze programu ya kuandika lita za kila mwanachama na malipo yake. Programu hiyo inahitaji makao mawili. Maandishi yake huwekwa katika ghala kama GitHub, ambayo ni mali ya Microsoft tangu 2018. Nayo programu ikianza kazi, inaishi ndani ya kompyuta ya kukodi iliyo mbali sana. Hiyo ndiyo wanaita wingu. Amazon, Google na Microsoft wote wanakodisha, na bili inahesabiwa kwa dola.

Amazon wana mpango uitwao AWS Activate. Kampuni changa inapewa salio, mfano wa salio la simu, nalo linakatwa kadiri unavyotumia. Asiye na mwekezaji hupewa kiasi kidogo tu. Aliye chini ya mwekezaji au kituo kinachotambuliwa na Amazon, salio lake linaweza kufika dola 100,000. Wanatazama umri wa kampuni, mtaji iliyokusanya, na kama ina tovuti yake inayofanya kazi. GitHub nao wana mpango wa kampuni changa, na huko pia wanauliza mwekezaji wako ni nani.

Mmesikia neno kampuni? Cheti tunachopata chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 si cheti cha kampuni. Sisi hatuna wawekezaji, tuna wanachama. Kujaza fomu tukijiita kampuni ni kusema uongo, na salio la uongo linaweza kuondolewa siku programu iko kazini.

Mtu atasema, basi tusajili kampuni, maanake Sheria ya Kampuni ya 2015 inaruhusu hata mtu mmoja. Sawa, lakini itakuwa mali ya nani? Kijana akiisajili kwa jina lake ili apate salio, hesabu za maziwa ya wanachama wote zimeingia katika kampuni yake. Akipata kazi Nairobi, mtamfuata na nini? Mimi singekubali.

Iko pia misaada ya mashirika yasiyotafuta faida. Huko someni masharti polepole, kwa sababu mingine haichukui vikundi vyenye uhusiano na dini, na sisi wengi tunakutana kanisani.

Lakini msivunjike moyo. Ghala la kawaida la GitHub halitaki uwe kampuni. Tangu Aprili 2020, kikundi kinaweza kuweka maandishi yake kwa siri, na wote wanaoyashughulikia wakaingia bila kulipa. Google nao humpa mteja mpya dola 300 za kutumia kwa siku 90. Siku 90! Huku kwetu kwenye baridi, mahindi yaliyopandwa siku hiyo bado mabichi shambani. Kwa hivyo, kabla kijana hajaanza, mweka hazina aulize siku ya 91 nani atalipa, na ni shilingi ngapi kwa mwezi. Kama hakuna jibu, daftari lenu la sasa linatosha. Kikundi cha watu 15 hakihitaji wingu.

Jambo la funguo nalo. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi, na wenye mamlaka wawe wawili au zaidi, kama vile sahihi za benki. Tangu 2023 GitHub huwataka wanaoandika programu wathibitishe mara ya pili wanapoingia, mara nyingi kwa namba inayotoka kwenye simu. Simu hiyo ikipotea, hata aliye na neno la siri anaweza kufungiwa nje. Wanakupa namba za akiba: zichapisheni, mzitie katika bahasha, katibu aifungie pamoja na cheti cha kikundi.