Uongozi ni Amana

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, nanyi wasikilizaji mlioko majumbani na vyuoni, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya amana, na mfano wetu tutautoa katika jambo ambalo vijana wa hapa Matogoro hulizungumza asubuhi na jioni, nalo ni mpira. Tangu Majimaji ya Songea iliposhuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018, husikika watu wakisema: laiti angepatikana tajiri akaichukua timu, mambo yote yangenyooka. Kauli hii yafaa ipimwe.

Klabu ya Simba ya Dar es Salaam iliasisiwa mwaka 1936, na kwa miaka mingi ilikuwa mali ya wanachama. Mwezi wa Desemba 2017, wanachama hao walikutana wakaridhia kumpokea mwekezaji, Bwana Mohammed Dewji, aliyeahidi shilingi bilioni 20. Kanuni ya Serikali ikataka wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa. Timu ikapata nguvu, ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo, tangu msimu wa 2017/18 hadi wa 2020/21. Hata hivyo, maswali yakazuka hadharani: fedha zile zimewekwa vipi, na ni nani mwenye neno la mwisho?

Sisi hatumhukumu mtu, kwani dini yetu inatukataza dhana mbaya. Tunachokitazama ni funzo. Mwenye asilimia 51 ni mwenye mali. Naye akiacha kuuliza kwa sababu timu inashinda, basi ameitupa amana yake mwenyewe. Magoli si hesabu, na ukarimu wa mtu hautoshi kuwa hati.

Katika Suratul Qasas, binti wa mzee wa Madyan alipompendekeza Nabii Musa (A.S.) kwa baba yake, alitaja sifa mbili za mtu wa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Mali ni nguvu, lakini ni sifa moja tu. Ya pili haionekani mfukoni. Hujulikana kwa mwenendo na kwa hesabu. Na katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mola wetu anatuamrisha tuandike madeni yetu na kuweka mashahidi, ijapokuwa wanaokopeshana ni waumini. Basi kuandikiana si kutukanana. Ni kinga ya udugu.

Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporejea, alisema kwamba sehemu fulani ni ya zaka, na sehemu nyingine amepewa yeye zawadi. Mtume alipanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu. Ikiwa aliyetumwa na Mtume mwenyewe aliulizwa, ni kiongozi gani wa leo atakayeona kuulizwa ni kuvunjiwa heshima?

Ndugu zetu, jambo hili halikomei uwanjani. Tunao ushirika, tunazo kamati za misikiti na za madrasa. Mara nyingi akitokea mfadhili, tunaacha kuhudhuria mikutano, tunaacha kutoa mchango wetu mdogo, tukidhani mzigo umepata mbebaji. Siku akiondoka, tunabaki hatuna fedha, hatuna daftari, wala hatuna mazoea ya kujitegemea. Tumshukuru anayetoa na tumwombee dua, lakini tumtegemee Mwenyezi Mungu peke yake, na kila mwenye dhamana tumtake hesabu kwa adabu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu tunapoaminiwa, na kuwa macho tunapoamini wengine.

Amin. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.