Sikio Linalia, Dawa ni ya Sonona?

Mtu anakwenda hospitali kwa sababu sikio linamlilia kutwa kucha. Anachunguzwa: hakuna nta, hakuna usaha. Anatoka na cheti kilichoandikwa dawa ya sonona. Njiani ananung'unika: kwani daktari kaniona nina wazimu?

Hana wazimu. Ila alistahili kuelezwa, na leo tutamweleza.

Aliyewahi kumeza kwinini anaujua mlio huo, ule "ngiii" usiotoka popote. Kwinini ikiisha mwilini, mlio kwa kawaida huondoka. Kwa wengine hauondoki, na mara nyingi chanzo ni usikivu uliopungua kwa umri au kwa kelele za mashine na muziki. Watafiti wengi wanaeleza hivi: ubongo ukikosa sauti ulizozizoea, hujikaza kusikiliza, kama unavyoongeza sauti ya redio kituo kikiwa mbali. Mkwaruzo nao unakua.

Wengi huzoea, wakaendelea na shughuli zao. Wapo wasiozoea. Usiku ukitulia mlio unapanda, usingizi unapaa, hofu inaingia. Na mwenye hofu huuvizia mlio badala ya kuupuuza. Sonona ikimkuta hapo, hana tena nguvu ya kushindana nao.

Je, vidonge vinasaidia? Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa nortriptilini, dawa ya zamani ya sonona, watu wenye mlio mkali pamoja na sonona. Walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini mwaka 2012 wachambuzi walikusanya majaribio 6 ya dawa za aina hiyo, yenye wagonjwa 610, na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba zinatibu mlio wenyewe. Kwa hiyo kama una sonona, itibu, kwa sababu ni ugonjwa. Kama huna, kidonge hicho kitakupa zaidi mdomo mkavu na usingizi wa mchana. Baadhi ya dawa hizo hata huweza kuleta mlio.

Sumaku inayowekwa kichwani, ambayo Marekani iliruhusiwa kwa sonona mwaka 2008, nayo imejaribiwa kwa wenye mlio. Majibu yamegongana, tusipoteze muda hapo.

Tiba ya sonona iliyofanya vizuri zaidi haina kidonge: ni mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia. Mgonjwa anayesema "sitalala tena maisha yangu" anaulizwa: jana ulilala saa ngapi? Anajifunza kulegeza mwili, kupanga usingizi, kurudi kwenye mikusanyiko aliyoikimbia. Uchambuzi wa mwaka 2020, uliojumuisha majaribio 28 na watu zaidi ya 2,700, ulionyesha kuwa tiba hii inaweza kupunguza mateso ya mlio. Sauti yenyewe huenda ikabaki vilevile. Tatizo letu ni uchache wa wataalamu hao, hasa nje ya miji mikubwa.

Ukipewa dawa, uliza ni ya mlio au ya sonona, wala usiiache ghafla bila kumwambia daktari. Mlio ukiwa kwenye sikio moja tu, ukidunda pamoja na mapigo ya moyo, au usikivu ukipotea ghafla, wahi hospitali. Na ukianza kufikiria kujidhuru, mwambie mtu wa karibu leo hii, akupeleke.