Nondo Mdogo na Faida ya Jina Lake

Mazungumzo ya Katibu mbele ya wanachama, Masumbwe, katika sherehe za miaka 10 ya Chama Kikuu



Katika sherehe hizi mmekwisha sikia habari za mizani, maghala na bei. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa nafasi ya kusema juu ya kiumbe ambaye hajapata kupandishwa mizanini, lakini aweza kuupunguza mzigo wa mkulima kuliko mwizi. Kiumbe huyo ni nondo mdogo. Wahenga walisema, mdharau mwiba guu huota tende.

Wakulima wa nyanya wa Tanzania humwita Kanitangaze. Mwili wake hauzidi milimita 7, rangi yake ni kijivu chenye kung'aa kama fedha, na mbawa zake za mbele zina madoa meusi. Mchana hujificha kati ya majani. Huruka jioni na alfajiri. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 200. Funza wake huingia kati ya ngozi mbili za jani, akala nyama ya ndani, hata jani likawa kama limeunguzwa na moto; kisha hutoboa tunda.

Habari za kujulikana kwake zaanza mbali sana na kwetu. Mwaka 1917 Edward Meyrick, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa Kigiriki na Kilatini katika shule ya Marlborough, alichapisha maelezo ya nondo aliyekamatwa Huancayo, katika nyanda za juu za Peru. Bwana huyo alikuwa hodari wa nondo wadogo, na maishani mwake aliwapa majina maelfu mengi.

Kumweleza mdudu mpya si kubuni jina tu. Mtaalamu hupima mbawa, huandika rangi na kila doa, hutaja mahali mdudu alipokamatwa, humlinganisha na jamaa zake wanaojulikana, ndipo atoapo jina. Tena mdudu mmoja huwekwa makumbushoni awe shahidi, kama sisi tuwekavyo nakala ya stakabadhi, ili mwenye shaka apate kuja kutazama. Meyrick alimwita Phthorimaea absoluta. Mwaka 1994 aliitwa Tuta absoluta, na mwaka 2021 wataalamu wakamrudishia jina la kwanza. Lakini neno lile absoluta halikupotea, na aliye nalo aweza kuzifuata habari zote tangu mwanzo.

Mtauliza, haya yatuhusu nini? Mwaka 2006 nondo huyu alionekana Hispania, na mwaka 2014 akaonekana Tanzania, mkoani Arusha. Aonaye majani yameungua aweza kudhani ni ukungu, akanunua dawa ya ukungu. Na dawa ya ukungu haiui funza. Fedha zaenda, nyanya zaenda, deni labaki. Bali jina likijulikana, maarifa ya miaka mingi huwa tayari. Ilikwisha julikana kwamba huko Amerika ya Kusini mdudu huyu amezizoea dawa kadhaa hata zisimdhuru. Tena katika miaka ya 1990 wataalamu waliitambua harufu ambayo jike huitoa kumwita dume. Kitu chenye harufu hiyo kikitundikwa juu ya beseni la maji yenye sabuni kidogo, madume huja yakaanguka na kufa, na mkulima huwahesabu adui zake kabla ya kufungua mfuko. Nondo wa aina nyingine wana harufu yao wenyewe. Ukikosea jina, umekosea mtego.

Sasa na tuseme habari za pamba. Yule funza wa rangi ya waridi akaaye ndani ya vitumba ni wa ukoo mmoja na Kanitangaze. Alielezwa na W. W. Saunders mwaka 1843, kutokana na nondo wa India, walikoharibu pamba. Ujanja wake ni kulala. Msimu ukiisha, hulala ndani ya mbegu na ndani ya vitumba vilivyosahauliwa shambani, akingojea pamba mpya. Basi agizo la kung'oa na kuchoma masalia si la kumwonea mkulima. Latokana na tabia ya mdudu mwenyewe.

Twajua lisemwalo vijijini: miti ya pamba ni kuni, na mama atembeaye mbali kutafuta kuni hawezi kuambiwa aiteketeze bure. Neno hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa faini peke yake. Shauri letu ni kwamba miti ing'olewe kabla ya tarehe inayotangazwa, vitumba vyote vilivyobakia vipukuswe na kuchomwa papo hapo, na juu ya kuni tukae na bwana shamba tupatane. Lakini mti uliosimama shambani hata mvua mpya si kuni tena; ni nyumba ya adui. Nondo hajui mpaka wa shamba: mmoja akizembea, majirani hulipa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo la mwisho. Msidhani wadudu wote wamekwisha andikwa. Mwaka 2004 Leif Aarvik wa Norway alichapisha habari za nondo wadogo wa Tanzania, hasa wa Morogoro, na baadhi yao walikuwa hawajapata kupewa jina. Kwa hiyo twaomba kila chama cha msingi kiweke chupa ofisini. Mdudu asiyejulikana atiwe humo, iandikwe tarehe, kijiji na zao, apelekwe kwa bwana shamba. Naye akishindwa, apelekwe Ukiriguru. Wala dawa isikopwe kwa dhamana ya chama kabla mdudu hajajulikana jina.

Kwa miaka 10 tumejifunza kuuza kwa pamoja. Yatupasa sasa tujifunze kulinda kwa pamoja tunachotaka kukiuza.