Punda Naye Ana Mgongo

Mazungumzo ya redio juu ya amani, Bunia. Kwa familia zilizokimbia vita, familia zilizowapokea, na viongozi wa mitaa

 

Leo tutazungumza juu ya uchovu. Najua wengine watauliza: kipindi hiki ni cha amani, uchovu umeingiaje humo? Umeingia kwa sababu ugomvi mwingi tunaousikia hapa Bunia hauanzi na bunduki. Unaanza na bidoni ya maji, na zamu ya choo, na mtoto wa mgeni aliyevunja sahani. Na ukitazama vizuri, mara nyingi utakuta wanaogombana ni watu waliochoka mpaka hawaoni tena.

Kiswahili chetu kina methali mbili za punda. Huku Ituri hatufugi punda sana, lakini methali zake zimetufikia pamoja na lugha yenyewe. Ya kwanza inasema: Shukrani ya punda ni mateke. Ya pili inasema: Punda afe, mzigo ufike. Kwa kawaida tunasema kila moja kwa siku yake. Ile ya kwanza tunamrushia mtu tuliyemsaidia, naye akatujibu vibaya. Ile ya pili tunaisema tukitaka kazi imalizike kwa vyovyote. Leo nawaomba tuziweke pamoja. Ukishaamua kwamba mzigo utafika hata punda akifa, mbona unashangaa akikupiga teke? Huyo anayerusha mateke pengine hana moyo mbaya. Pengine mgongo wake umechubuka, wala hakuna aliyeinua mzigo akatazama.

Tutazame basi migongo yetu. Tuanze na mama aliyekimbia Djugu. Tangu Desemba 2017, vita vilipoanza tena upande ule, watu wengi mno walikuja Bunia, na wengine walivuka Ziwa Albert mpaka Uganda. Mama huyu alikuwa na shamba lake, mihogo yake na mahindi yake. Hapa analima shamba la mtu mwingine kwa kibarua. Anaamka kabla ya jogoo kwenda kupanga mstari wa maji. Anatafuta kuni mbali, kwa hofu. Jioni anapika sombe, anaogesha watoto, anamhudumia mgonjwa. Usiku analala sikio moja likiwa wazi, maana alisikia habari za Plaine Savo, ambako usiku mmoja wa Februari 2022 zaidi ya watu 50 waliuawa ndani ya kambi waliyokimbilia. Kwa mama huyu hata usingizi ni kazi.

Sasa geuza macho umtazame mama aliyempokea, kwa sababu watu wengi waliokimbia hawalali kambini, wanalala katika nyumba za watu. Huyu ametoa chumba cha watoto wake. Chungu kilichotosha watu 6 kinalisha watu 14. Gari la msaada likija, mara nyingi linaita majina ya waliokimbia, lake haliitwi. Asubuhi lazima awahi sokoni na makala yake, akirudi anakuta maji yamekwisha. Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni wa vita yuko tayari kushika jembe tangu siku ya kwanza. Kinachokosekana ni shamba. Na methali haikutuambia la kufanya mwezi wa tatu, wala mwaka wa tatu.

Hawa mama wawili wakigombana juu ya chumvi, tusikimbilie kusema ni mambo ya kabila. Ni migongo miwili yenye vidonda iliyogusana. Hatari inakuja baadaye kidogo, akipita mtu wa tatu na kusema: "Umeona? Watu wale ndivyo walivyo." Hapo ugomvi wa chumvi unavalishwa nguo ya kabila. Mtu aliyepumzika atamwambia huyo mpitaji aende zake. Mtu aliyechoka hana nguvu ya kuuliza kama jambo ni kweli au ni uongo. Sisi wa Ituri tunajua gharama yake. Vita vya 1999 vilianzia kwenye mabishano ya ardhi huko Djugu, mabishano ambayo yangeweza kuishia mahakamani. Yaliishia makaburini.

Uchovu wa namna hii si uvivu, tena si udhaifu wa roho. Mwaka 1974 mtaalamu mmoja wa saikolojia, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliokuwa wakitoa huduma ya bure kwa wagonjwa huko New York. Aliona kwamba waliochakaa kabisa walikuwa wale waliojitoa kwa moyo wote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili tatu za mtu aliyekwishwa nguvu kwa kazi: anajisikia mtupu, hana nguvu, anaanza kuichukia kazi yake au kuitazama kwa mbali, na kazi yenyewe anaifanya chini ya uwezo wake. Shirika hilo lilisema habari za kazi ya ajira. Lakini wewe mama unayesikiliza, jipime. Kuna siku unamwona mtoto wako analia na husikii kitu moyoni? Kuna siku unamtazama mgeni uliyempokea kwa machozi, na sasa unatamani aondoke tu? Hujawa mtu mbaya. Umekuwa utambi unaowaka bila mafuta.

Sasa tuje kwenye shukrani, nami nataka niwe mwangalifu, kwa sababu neno hili tumelitumia vibaya. Mama anasema amechoka, tunamjibu: "Mshukuru Mungu, uko hai." Kijana anasema amelima siku nzima na hakulipwa, tunamwambia: "Shukuru hata kwa kupata kibarua." Hiyo si shukrani. Hiyo ni kumfunga mtu mdomo. Kumshukuru Mungu kwa uzima ni jambo jema, na kila mmoja analifanya kwa imani yake. Lakini asilifanye kwa kuamriwa na mtu anayemdai mshahara. Babu zetu waliochimba dhahabu ya Kilo-Moto wakati wa Wabelgiji walifanyishwa kazi kwa nguvu, na hakuna aliyeuliza mgongo wa nani umevunjika. Tusijenge nyumba zetu kwa desturi hiyo.

Shukrani ninayosema mimi ina hatua tatu: kuona, kutaja, na kupunguza.

Kwanza, kuona. Kazi nyingi za nyumbani haziitwi kazi mpaka siku ziachwe. Nani anajua kwamba maji yaliletwa? Tunajua siku bidoni ni tupu. Wewe baba, kaa siku moja uhesabu safari za mke wako tangu alfajiri hadi kulala. Usimwambie kwamba unahesabu. Wewe mwenye nyumba, angalia ni nani anayefagia uwanja kabla hujaamka. Mara nyingi ni yule mgeni unayedhani hafanyi kitu.

Pili, kutaja. Usiseme tu "asante kwa yote", maana neno hilo halina uzito. Taja kazi yenyewe: "Asante kwa kumbeba mtoto hadi kituo cha afya na mvua ile." Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitangaza matokeo ya utafiti wao. Watu walioandika kila juma mambo matano waliyoshukuru walisema wanaona maisha yao kuwa mazuri kuliko wale walioandika maudhi yao. Mwaka huo huo wa 2003, mwezi wa Mei, Bunia yetu ilikuwa ikipigwa, na watu wamejaa karibu na uwanja wa ndege wakitafuta ulinzi. Waliofanyiwa utafiti hawakuwa na maisha yetu, na sisi hatuhitaji daftari. Yatosha wakati wa chakula cha jioni kila mmoja ataje kazi moja aliyoiona kwa mwenzake siku ile. Mtoto naye ataje. Hata kama chakula ni kidogo, kutaja hakupunguzi kitu chunguni.

Tatu, kupunguza. Hapa ndipo shukrani inapojulikana kama ni ya kweli. Ukishaona mgongo una kidonda, ukasema asante, kisha ukaongeza gunia, umemcheka punda. Anayeshukuru huchukua sehemu ya mzigo.

Nitawapa njia moja ambayo mnaijua tayari. Wote tunajua likelemba ya fedha: kila mmoja anatoa kidogo, na kwa zamu mmoja anachukua chote. Basi fanyeni likelemba ya mapumziko. Nyumba tano zijiunge, za wenyeji na za waliokimbia pamoja. Kila juma, nyumba nne zinamtolea mtu wa nyumba ya tano mchana mmoja: huyu anachota maji yake, yule analinda watoto, mwingine anapika. Mwenye zamu analala, au anakwenda kumwona dada yake, au anakaa tu chini ya mwembe bila kuulizwa anafanya nini. Juma lijalo zamu ni ya mwingine. Sheria ni zile zile za likelemba: asiruke mtu, asichukue mara mbili, na aliyekwisha kupumzika asikimbie kulipa. Wanaume nao waingie kwenye hesabu. Bidoni haijui mke wala mume. Nyumba hizo zikishapumzishana mara tano, mpitaji akija na maneno ya "watu wale", atakuta watu wanaojuana kwa kazi za mikono.

Mtu mwingine atasema mapumziko ni ya matajiri. Mimi nimesoma sheria, namjibu kwa sheria. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa juma. Kweli, sheria hiyo inamfikia mwenye mkataba wa kazi, haiingii jikoni wala haifuati mstari wa maji. Ndiyo maana yale ambayo sheria haikufika kuyaweka, mtaa hauna budi kujiwekea wenyewe kwa mapatano.

Nina neno kwa viongozi. Wewe chifu wa kartie, wewe kiongozi wa kambi, mlango wako unagongwa tangu alfajiri hadi usiku. Kesi ya kumi ya siku huisikilizi, unaimaliza tu, na hukumu ya mtu aliyechoka ni kuni kavu. Weka siku na saa za kusikiliza. Mpe msaidizi wako mambo madogo. Kesi isiyo ya hatari ilale, na ninyi mlale, muamke nayo kesho. Kuhusu shukrani, tuelewane: asante si matabishi. Mtu akikusifu mbele ya watu kwa kumaliza ugomvi wa kiwanja, pokea kwa furaha. Akikuletea kuku kabla hujatoa neno lako, huyo hakushukuru, amekununua, na jirani yake ameona kuku akiingia.

Tukumbuke vilevile kwamba kuna uchovu usioponywa na asante wala na usingizi wa mchana. Mtu asiyelala juma baada ya juma, anayerudiwa na picha za vita kila akifumba macho, anayeacha kula, anayeshinda katika pombe kali, au anayesema ni heri afe, huyo msimhubirie. Msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya, mkaulize kama yupo mshauri wa kuzungumza naye. Kumsindikiza ni sehemu ya kupunguza mzigo.

Ndugu wasikilizaji, amani ya mkoa wetu ina mambo mengi yasiyo mikononi mwenu: silaha, majeshi, mikataba inayosainiwa mbali. Lakini maneno yanayosemwa leo jioni kwenye uwanja wako yako mikononi mwako. Kabla ya kulala, mtafute mtu mmoja aliyebeba kitu kwa ajili yako. Taja alichobeba. Kisha muulize kesho umsaidie upande gani. Mzigo na ufike, naye punda afike akiwa hai.

Nawatakia usiku wa amani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika nyumba yenu, ni kazi gani inayofanyika kila siku bila mtu kuitaja? Anaifanya nani?

2. Je, nyumba tano za mtaa wenu zinaweza kuanza likelemba ya mapumziko? Ni nani wa kuanza kupumzika, na kwa nini?

3. Katika mtaa wetu, watu wanatofautishaje asante na matabishi? Chifu na wananchi wajibu pamoja.