Oili Ipimwe Kabla ya Abiria Kupanda: Hotuba kwa Madereva wa Lwakhakha



Wengi husubiri taa nyekundu ya oili iwake. Taa hiyo huonya kwamba presha ya oili imeshuka, wakati injini tayari iko hatarini. Ikiwaka njiani kuelekea Bungoma, simama pembeni, uzime injini.

Gari dogo lipimwe asubuhi, injini ikiwa baridi, mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipita ya juu, pia huleta madhara.

Ukiongeza, andika kiasi na kilomita. Ikipungua upesi, inavuja au inaungua: tazama matone chini ya gari na moshi wa samawati nyuma. Gharama ya fundi ni nafuu kuliko injini nyingine.